Kitenge Juu ya Uzi Mmoja

Jumamosi, 14 Juni 2014. Manyunyu tangu asubuhi, na upepo ule wa Sydney unaopenya mpaka ndani ya mikono ya sweta.

Siku hiyo nilikuwa nimeipania kwa wiki tatu. Kwenye nyumba ya wazee ninakofanya kazi kulikuwa na bibi wa Kivietinamu, na binti yake alikuwa akija kila Jumatano kumpigia muziki. Chombo chenyewe ni kibao kirefu chenye uzi mmoja tu, na kijiti kimesimama pembeni. Mkono wa kulia unaudonoa uzi, wa kushoto unakipinda kijiti, basi sauti inapanda na kushuka kama mtu anayelia huku anajizuia. Mara ya kwanza kuisikia nilimsahau mzee niliyekuwa namvalisha soksi. Alikaa na soksi moja mpaka wimbo ukaisha. Nilimwomba radhi.

Tangu hapo nikataka kujifunza. Kwa nini, sijui. Shule niliishia darasa la saba kwenye kambi ya wakimbizi, na kwaya ya kanisani wananisimamisha nyuma, na kusema haki wana sababu.

Yule binti, ambaye kwa umri ananizidi sana, aliniambia ana darasa mtaa wa Guildford na imebaki nafasi moja. Wanaoitaka waje kwanza wamsikilize ukumbini, kisha atachagua.

Tukaenda, mimi, mume wangu na binti yetu wa miaka kumi. Watu kama thelathini, viti vya plastiki. Mwalimu akaanza kupiga, na ukumbi wote ukanyamaza. Hakuna kigelegele, hakuna hata mtu wa kuguna. Nikaona aibu kwa niaba yake. Kwetu Warundi, na kambini Tanzania ilikuwa hivyo hivyo, mtu akiimba vizuri humwachi peke yake. Unakwenda mbele, unamfuta jasho, unamtuza nguo mabegani. Kumkalia kimya ni kumwambia ashuke.

"Wamemsusa," nilimnong'oneza mume wangu.

"Tulia, mama watoto. Huenda ndivyo wanavyofanya."

"Akivunjika moyo je? Atafunga darasa."

"Wewe unataka nafasi, au unataka kumwokoa?"

Nikasimama. Binti yangu akanivuta sketi, akaniambia kwa Kiingereza nikae chini. Nikapiga kigelegele kimoja, kidogo tu, nikaenda mbele nikamfuta mwalimu jasho kwa leso. Hakuwa na jasho, ilikuwa Juni, na huku Juni ndiyo baridi. Nikavua kitenge kipya nilichojitanda nikamvisha. Upande mmoja ukateleza ukaangukia uzi. Uzi ukalia kama mbuzi aliyekanyagwa, halafu kukawa kimya, na hicho niliweza kukitofautisha na kile cha mwanzo.

Sitawasingizia watu, hakuna aliyenizomea. Bwana mmoja alikohoa, na pengine alikuwa na mafua.

"Kuna nini?" mwalimu akauliza.

"Samahani, mwalimu," nikasema kwa Kiingereza changu hichohicho. "Kwetu ndiyo kusifu."

"Na mtu akipiga vibaya mnafanyaje?"

"Tunanyamaza."

Akawatazama wale watu wote waliokaa kimya, mstari baada ya mstari. "Kumbe leo nimempendeza mmoja tu," akasema, akacheka mpaka akajifuta machozi kwa kitenge changu.

Nafasi hakunipa. Alimpa yule bwana wa kikohozi, aliyejiandikisha kabla yangu, na hiyo ni haki. Angenipa mimi ningelala vibaya. Ila aliniambia nije kila Jumamosi nikae kiti cha mbele, nijifunze kwanza kunyamaza, na muhula ujao nitaushika uzi. Kitenge alibaki nacho. Kiliniuma kidogo, lakini ukishatuza umetuza.

Ndani ya treni mume wangu alitazama dirishani njia nzima, mabega yakimtikisika.

Jioni nilipika ugali, maharage na dagaa. Walikula bila neno. Nilipouliza kama chumvi imezidi, binti yangu akainuka, akachukua taulo ya jikoni, akanifuta jasho pole pole, uso wake mkavu kabisa. Dagaa waliisha wote.