Dozi ya Tatu ya Mama Pole

Mikono yangu ina macho. Niulizeni.

Miaka miwili nachambua mashuka machafu kwenye chumba cha kufulia cha hospitali, na hakuna kitu kilichowahi kunipita. Vijiko, simu, meno ya bandia ya babu wa watu yakinichekea kutoka ndani ya foronya. Vyote nilividaka kabla havijaingia kwenye mashine.

Basi asubuhi moja shuka likaning'ata.

Sindano. Ilijificha kwenye pindo, ikapita glovu, ikaingia kidole cha kati. Tone moja tu la damu. Nikaosha kwa sabuni, nikamtania dada tunayekunja naye nguo kwamba leo nimechanjwa bure, foleni sikupanga.

Hakucheka. Alikuwa anasoma lebo ya mfuko.

Yalikuwa mashuka ya mgonjwa wa homa ya ini, aliyefariki alfajiri ileile. Dada alimwona jana yake alipokwenda kuchukua nguo wodini. Macho ya njano kama kiini cha yai.

"Lakini wewe si umemaliza chanjo?" akaniuliza. "Kadi yako si imejaa?"

"Imejaa, dada."

Ilijaa kweli. Shida ni nani aliyeijaza.

Chanjo ya homa ya ini kwa sisi watu wazima ni dozi tatu. Unachomwa leo, unarudi baada ya mwezi, halafu unamalizia mwezi wa sita tangu ile ya kwanza. Mbili nilichomwa na nesi mmoja mtu mzima tuliyemwita Mama Pole, maana alikuwa anakupa pole kabla hajakuchoma. Aliniambia nisipoifuata ya tatu nitakuwa nimejenga nyumba nikaacha kuweka mlango.

Ya tatu ilipofika, malaria ilinilaza nyumbani wiki mbili nzima.

Niliporudi nikajiambia muda umeshapita, nikienda wataniambia nianze moja. Na Mama Pole akinuna, hata ukuta unaomba radhi. Nikaanza kuikwepa korido yake. Habari zake sikuuliza, za kwangu sikutaka zimfikie.

Mwezi uliofuata msimamizi akatangaza: asiye na dozi tatu hagusi mashuka, na asiyegusa mashuka akatafute kazi kwingine.

Nikachukua kalamu. Tarehe nikaandika ileile niliyopangiwa. Sahihi nikaiga ile ya juu yake, mpaka mkia wake. Ilitoka safi, nikajipongeza.

Sasa kidole kikaanza kunidai.

Siku mbili sikula vizuri. Kila kijiko nilichoshika nilijitazama humo kwanza, kama macho yameanza unjano. Pale uani mashuka yakijaa upepo kwenye kamba, naona kabisa mtu amelala ndani yake, anageuka, ananitafuta. Nikifumba macho namsikia Mama Pole sikioni: pole, mwanangu. Halafu kidole kinawasha.

Siku ya tatu dada akachoka na mimi. Akanishika mkono kama mtoto wa chekechea, moja kwa moja hadi chumba cha chanjo.

Mama Pole hakuwepo. Alikuwepo nesi kijana, sauti ya chini, miwani mikubwa. Nikashusha pumzi. Huyu namuweza.

Akasoma kadi yangu taratibu. Akaeleza kwamba aliyemaliza tatu, mara nyingi mwili wake umeshajilinda, kwa hiyo angenipima damu tu aone kinga ipo kiasi gani, nirudi kazini. Ambaye hakumaliza, hiyo ni habari nyingine. Huyo anahitaji sindano ya kinga ya haraka, na kila siku anayochelewa anajichimbia kaburi kwa kijiko.

Kazi upande huu, ini upande ule. Mdomo wangu ukachagua kazi.

"Hii ya tatu alikuchoma Mama Pole mwenyewe?" akauliza, kidole chake juu ya sahihi.

"Mwenyewe. Tena tulitaniana sana siku ile. Akanipa pole yangu kama kawaida."

Nesi akashusha kidole hadi kwenye tarehe, akaisoma upya.

Ngoja niwakatishe hapahapa, mpate faida kabla sijaaibika mbele yenu. Dozi ikichelewa, za nyuma hazifutiki. Unaendelea pale ulipoachia, huanzi moja. Mimi nilikuja kulijua hilo nikiwa nimechomwa mikono yote miwili siku moja, chanjo huku, kinga ya haraka kule, na hadi naandika hapa bado nasubiri kipimo cha mwisho, bado vijiko natazamana navyo. Nesi akinuna, atanuna halafu atakuchoma. Kadi ikidanganya, anayetibiwa ni mtu mwingine, wewe unabaki na ugonjwa wako.

Haya, turudi kwenye kiti.

Nesi alivua miwani, akaifuta kwa pindo la koti lake, akaivaa tena. Macho yalikuwa yamelowa.

"Mama Pole alifia kwao, likizoni," akasema. "Tarehe hii uliyoandika ndiyo tuliyomzika. Mimi nilikuwa kati ya waliomwosha."

Nywele zikanisimama. Kwa sekunde moja, niaminini, nilihisi kweli alikuja, kweli alinichoma, na bega likauma.

Dada akauachia mkono wangu.

"Sasa kaka yangu," nesi akasema, akivuta kalamu, "umechomwa mara ngapi?"

"Mbili."