Redio ya Mama na Kopo la Maji

Mimi ni fundi simu wa Kihesa, Iringa, na nikipewa nafasi ya kuongea sijui pa kunyamazia. Msimu wa baridi nilikwenda Mbeya kumwona mama, nimebeba kibati kidogo chenye nyaya mbili. Upande wake mmoja ukipata moto na wa pili ukipata baridi, kinatoa umeme. Redio ya mama ilikuwa imenyamaza kwa kukosa betri, na mawaidha ya mchana ndiyo yanayomchangamsha. Nikamkataza kununua betri nyingine.

"Mama, jiko lako linapoteza joto bure. Huku ubavuni lote linakwenda nje. Huu ni ufujaji!"

"Basi lifungie mlango, mwanangu," akasema, akaendelea kuchambua maharage.

Nikakibana kibati kwenye ubavu wa jiko la mkaa, juu yake nikafunga kopo la maji baridi ya bomba. Redio ikakohoa, kisha shehe akasikika. Mama akatabasamu. Nilitamani jirani apite anione.

Hazikupita dakika nyingi, maji yakashika moto na sauti ikaanza kufifia. Nikakimbia bombani, nikayamwaga mtaroni, nikajaza mengine. Sauti ikarudi, ikafifia tena, nikakimbia tena. Kijasho kilinitoka katika baridi ile ya Mbeya. Mama hakuwa na haja ya betri kweli, maana betri nilikuwa mimi.

Adhana ya alasiri ilipoanza, mama alikwenda bombani kutia udhu. Mimi huyo, mbio na kopo langu, nikamwaga maji karibu kabisa na miguu yake. Mvuke ukapanda. Ndipo nikamsikia akivuta pumzi kwa meno, maji ya bomba yalipogusa vidole vyake vilivyopasuka kwa baridi. Sauti ile naijua tangu utotoni, na sikuwahi kuijali.

Akautazama mvuke, akanitazama mimi.

"Hayo unayomwaga ni ya moto?"

"Ya uvuguvugu tu, mama. Hayana kazi tena."

"Hayana kazi," akarudia taratibu.

Nyani haoni kundule. Nilitoka Iringa kuja kumhubiria mama yangu kuhusu joto linalopotea, kisha nikamwaga makopo saba ya joto hilohilo mbele ya mikono yake iliyokufa ganzi. Niliona aibu mpaka masikio yakawaka. Nikajaza kopo, nikalirudisha jikoni, na safari hii nikachuchumaa kulisubiri lipate moto. Mama naye alisubiri, mikono kwapani.

Nikamwagia viganja vyake taratibu. Safari hii hakuvuta pumzi kwa meno. Nyuma yetu shehe alikuwa amekwishazimika katikati ya neno.

"Mama, redio imekata."

"Iache," akasema, akiutanguliza mguu wa kulia. "Yamebaki?"