Mlango Ambao Mama Ndoo Hakuthubutu Kuugonga

Saa kumi na mbili asubuhi, Mama Ndoo anashuka ngazi za nyuma, ndoo ya maji mkono huu na nyingine mkono ule. Kwa mshahara, yeye ni mfagiaji wa jengo hili la ghorofa nne. Kwa mapenzi, ni mlezi wa bustani ya uani: matuta kumi na tisa ya mchicha, nyanya na biringanya, na mipapai mitatu.

"Ukinikuta nimekaa, ujue naumwa," anasema, na kucheka mwenyewe.

Bustani ina sheria moja, aliyoitunga yeye: huchumi kwenye tuta lako. Unachuma kwenye la jirani, baada ya kumpigia hodi na kumwomba. Mwanzoni wapangaji walimwona amechanganyikiwa. Leo watu walioishi ukuta kwa ukuta bila hata salamu wanajuliana hali kwa sababu ya biringanya. Yeye mwenyewe, mama wa watoto wanne, alikuwa akiacha robo ya mshahara gengeni. Siku hizi ananunua vitunguu tu.

Lakini kwa mwezi wa pili sasa, kuna mlango mmoja anaupita kwa kunyata. Ni wa mzee wa chini, dereva mstaafu. Mkewe alipofariki, Mama Ndoo alitaka kumpunguzia kazi. Akaingia kwenye tuta la marehemu, akang'oa magugu yote.

Kumbe, masikini, hayakuwa magugu. Ulikuwa mnavu, mboga ambayo marehemu aliiacha ijiotee ovyo makusudi, maana mumewe aliipenda kuliko nyama, na kila jirani aliyekuja kuichuma aliwaachia fungu lao.

"Mzee alitoka, akatazama, akarudi ndani. Hakunitukana. Bora angenitukana!" Anafuta macho kwa ncha ya kanga. "Tangu siku hiyo hachumi kwa mtu. Chai na mkate, chai na mkate. Roho inaniuma mpaka usingizi sipati."

Wiki tatu zilizopita, mbegu zilizodondoka zilianza kuchipua. Hakumwambia mtu. Alimwagilia tu, na leo majani yamefika kiasi cha kuchumwa.

Anatua ndoo. Anavuta pumzi. Anagonga.

"Hodi, mzee."

"Nani?"

"Ni mimi, yule mharibifu wako. Nimekuja kuomba mnavu."

Komeo linavutwa, na mzee anachungulia, ndevu hazijanyolewa siku nyingi.

"Mnavu? Mimi ninao?"

"Umeota wenyewe, baba. Njoo uone."

Anatoka na kandambili. Anainama juu ya tuta, anagusa jani moja, halafu jingine. Mama Ndoo anatazama pembeni.

"Haya, chuma," mzee anasema hatimaye. "Ila uache wa mbegu."

"Nitaacha. Jumapili nataka nikupikie, tule hapahapa nje na majirani. Utakuja?"

Mzee anajipangusa mikono, anayatazama matuta mengine moja baada ya jingine.

"La kwako ni lipi?" anauliza. "Nataka kuomba nyanya."