Mashini Iliyokufa Bila Kusema

Patron wetu, muntu wa Kivu mwenye depo ya jumla na malori, alikuwa ananiita "madame." Myaka yote niliyomuchungia mashini yake kubwa, ile kompyuta ya stoki na fakture za bateja, nilikuwa madame tu. Kisha vita ikafunga barabara za kwao, na kijana mumoja wa kule, fundi, akashuka na ndege pa Luano, sakoshi moja mukononi. Siku ya kwanza tu, patron: "Mwanangu, umekula?"

Mwanangu! Roho iliniuma kama pilipili mu jicho.

"Mugeni aje, mwenyeji apone," banasema. Apone nini? Malori haikufika tena, na patron akatuambia wazi: muntu mumoja njo atabaki mu biro, ofisi ya mashini, yule atakayejua nini inaua mashini. Ju ile mashini ilikuwa inazimia mara na mara, na ikizimia, fakture zinasimama, bateja banapiga kelele pa mulango. Bwana yangu alikuwa amepoteza kazi yake. Ile biro njo ilikuwa inaweka bukari pa meza yetu.

Shida ilikuwa hii. Mashini ikizimia, inatapika kwanza yote iliyo mu kichwa yake, pa kipande cha diski tunaita swap, ili fundi aone nini imeiua. Lakini miye nilikuwa nimefunga ile swap na ufunguo wa siri, ju mu muji balikuwa banaiba mashini mu mabiro, na sikutaka mwizi asome bintu bya bateja. Ufunguo ule unazaliwa mupya kila mashini ikiamuka. Wa zamani unapotea. Basi matapiko iko pale, na hakuna mwenye kuweza kuyasoma. Kila mara bule.

Nikatafuta mpaka nikapata. Nikakata kipande kidogo cha diski kando, nikaambia mashini itapikie pale. Ikiamuka, ihamishe yote mu sanduku yenye ufunguo tunaoujua sisi wawili, miye na kijana, kisha isafishe kile kipande. Nikamaliza, nikakimbia kwetu Hewa Bora kuona mutoto wangu mwenye homa.

Kumbe mashini ikazimia nyuma yangu! Nikirudi, kijana iko anasoma matapiko, patron amemushika bega, anacheka mpaka machozi. Programu ya kadi ya rezo, ile inayounganisha mashini na zingine, njo ilikuwa inaiua; kijana ameshaibadilisha. "Mwanangu ameiona!" Wee! Nilitaka nimutupie kikombe.

Kijana akasimama. "Hapana, papa. Yaya, dada yangu mukubwa huyu, njo alitengeneza yote. Miye nimesoma tu."

Alisema polepole, mbele ya bote, na alijua ile maneno itamutoa pa kazi. Hata hapo nilimuchukia. Ule upole wake, miye sina.

Nikabaki miye. Yeye akachukua sakoshi yake, akanipa mukono, akaenda. Nilifikiri wivu utaenda naye.

Mashini haikuzimia tena. Lakini asubuhi moja patron akasimama pa mulango wa biro, akaangalia kile kiti kitupu, akaniuliza: "Madame, kijana wetu iko anakula wapi sasa?"

"Sijue, patron," nikajibu. Tangu nianze kazi pale, hajaniuliza hata siku moja kama nimekula.