Kamusi Inayolala Nyumba Nane

Ukitaka kujua maana ya neno "agano" katika Biblia, pale Lubunga, mjini Kisangani, utaelekezwa nyumbani kwa fundi wa baiskeli nyuma ya stesheni ya reli. Kwa neno "msamaha" itabidi uvuke mto, upande toleka, baiskeli ya kubeba abiria, hadi komuni ya Tshopo, ukae juu yake mpaka mgongo ukuume. Kamusi ni moja, ila inalala katika nyumba nane, na aliyeigawa hivyo ni Mama Delphine Bolaya, mshonaji wa mabegi.

Nimeona maktaba katika miji mingi, zenye ngazi za kuteleza na walinzi wa kukohoa ukigeuza ukurasa kwa kelele. Sijaona nyingine ambamo msomaji hula kwanza.

Delphine alizaliwa Yanonge, kwenye ukoo wa wavuvi, akaolewa Kisangani na mfanyakazi wa reli. Mume alipofariki, kila aliyekuja msibani alimwambia kwa Kifaransa neno moja: patience, subira. Walimaanisha anyamaze, afute machozi. Delphine alikuwa akifundisha wamama wa kanisa lao dogo Biblia kila Alhamisi, na neno hilo alilijua kutoka waraka wa Yakobo. Akataka kujua kama Yakobo naye alikuwa akiwaambia watu wanyamaze.

Akaanza kutafuta. Aliwauliza wauza vitabu wa mjini kati kama wana kitabu kinachoeleza maneno ya Biblia yana maana gani. Mmoja akampa kitabu cha nyimbo. Mwingine akampa kijitabu cha kufasiri ndoto, akimhakikishia kwamba ni kitu kilekile. Binti mmoja wa chuo kikuu alimwonyesha kwenye simu, naye akafurahi kweli, mpaka moto wa simu, yaani chaji, ukaisha katikati ya neno, na umeme wa mtaani kwao hurudi unapopenda. Mwishoni alifika kwa Papa Lukumani, Mwislamu wa Maniema, anayepanga vitabu vya mitumba juu ya turubai. Lukumani alimsikiliza hadi mwisho.

"Mama, unatafuta kamusi," akamwambia. "Hata siye tuko nayo ya Kurani. Mutu hawezi kusoma na jicho moja."

Ikamchukua muda, lakini aliipata, kutoka kwa familia ya mwalimu mmoja marehemu: kitabu kinene cha Kifaransa, kila neno na mahali linapopatikana, na chini yake neno la Kigiriki au la Kiebrania na maelezo yake. Wamama wa Alhamisi walichanga wakainunua. Delphine akafungua herufi ya P papo hapo sokoni, akasoma amesimama. Hakumwambia mtu alichosoma. Alikwenda nyumbani akapika pondu, majani ya muhogo, akala vizuri, mara ya kwanza tangu msiba.

Kisha kamusi ikaingia kabatini.

Pasta Zacharie wa kanisa lao ni mtu mwema, na aliogopa mambo ya kweli: mchwa, mvua, mikono yenye mafuta ya mawese. Aliifungia katika kabati la kanisa, ufunguo akautia mfukoni. Taabu ni kwamba mfuko ulisafiri naye. Alipokwenda Opala kutembelea waumini wa kule, alikaa mpaka mashua ilipopata mzigo wa kurudi nao, na wamama waliketi kila Alhamisi wakitazama mlango wa kabati. Aliporudi, Delphine alisimama mbele ya baraza la wazee.

"Pasta, kitabu iko yetu wote," alisema, "lakini inalala kwako tu."

Akawaeleza habari za wavu wa baba yake. Kwao Yanonge, wavu mkubwa wa ukoo haukukaa kwa mtu mmoja. Ulikatwa vipande, kila nyumba ikatunza chake, ikakishona panya akikitoboa. Siku ya kuvua vipande viliunganishwa, na ndugu wote wakaingia majini, kwa kuwa hakuna aliyeweza kuvua peke yake wala aliyeweza kuachwa. Alitaka kamusi ifanywe hivyo hivyo.

Kelele zikawa nyingi. Mzee Osée, mweka hazina, alisema kukata kitabu chenye jina la Mungu ndani ni kumkata Mungu vidole. Delphine alijibu kwamba kamusi ni chombo, kama sindano yake, na kwamba isitoshe hatakata, atafumua uzi wa mgongo tu. Pasta alifikiri, kisha akatoa sharti lake mbele ya wote. Wajaribu mpaka Jumamosi ya kabla ya Pentekoste. Siku hiyo vipande vyote viwe mezani kanisani, bila ukurasa uliopungua. Kikikosekana hata kimoja, kitabu kitarudi kabatini, na darasa la Alhamisi atapewa mtu mwingine.

Delphine alikubali. Ndiyo kusema aliweka rehani kitu pekee kilichomfanya asubiri Alhamisi.

Aliufumua mgongo wa kitabu kwa wembe wa kushonea, Pasta akiwa ameangalia dirishani. Kila kimoja cha vipande vinane akakivika jalada la turubai, akakitilia uzi mpya, akakipeleka kwenye nyumba yake. Akatunga pia sheria mbili. Ya kwanza: kipande hakitoki nyumbani kikiwa mikononi mwa mtu asiye mwenye nyumba. Ya pili: anayekuja kusoma hapewi mgongo, hupewa kiti, na kama kuna chakula, anakula.

Watu wakaanza kutembeleana. Waliokuwa hawasalimiani tangu ugomvi wa kiwanja walijikuta sebuleni wakitafuta "amani". Wamama wa kanisa jingine wakaja, na hakuna aliyeuliza wanabatizwa vipi.

Jumamosi yenyewe ilifika na mvua. Meza ilifunikwa kitambaa cheupe, na vipande vikaja kimoja kimoja, vimefungwa mifuko ya plastiki, kimoja ndani ya sufuria yenye kifuniko. Vikafika saba. Cha nane, M hadi P, kilikuwa ng'ambo kwa Vicky, msichana wa darasa la Alhamisi aliyeolewa Tshopo. Wakangoja. Simu yake haikuita. Pasta alikuwa ameshatoa ufunguo wa kabati mfukoni.

"Wavu ya Yanonge imetoboka," alisema Mzee Osée, na wengine wakacheka kidogo.

Delphine alikuwa akikusanya vile saba kwenye begi lake la mgongoni.

"Kwetu, kipande isipokuja, wavu ndiyo inaenda," alisema. "Pasta, vaa viatu ya maji."

Nadhani Pasta mwenyewe hajui kwa nini alikubali. Alivuka kwenye pirogi, mtumbwi wa kukodi, na suti yake ya Jumapili, Osée akiwa ameketi nyuma yake kama shahidi wa serikali, Delphine mbele amekumbatia begi chini ya mwavuli. Kisha toleka tatu zikapanda na matope kuelekea Tshopo.

Nyumba ya Vicky ilikuwa na nguo nyingi ndogo kwenye kamba, chini ya paa. Alikuwa amejifungua, na kwa desturi ya ukweni kwake mzazi hatoki ndani mpaka siku zake ziishe. Kipande cha M hadi P kilikuwa mezani, kimefunguliwa. Jirani yake Hadidja, mke wa Mwislamu wa Kivu, alikuwa akimsomea mama mkwe wa Vicky, asiyejua kusoma, akitafsiri kutoka Kifaransa taratibu, na mama mkwe akimkatiza kila mara kuuliza kama ana hakika.

Delphine aliuliza kwa nini hakumtuma mtu akilete.

"Ni sheria yako, mama," alisema Vicky, mtoto kifuani. "Kipande haitoke bila mwenyewe. Na mwenyewe hawezi kutoka. Ningefanya nini?"

Delphine aliketi mkekani. Alikuwa amefikiria mchwa, mvua na wezi, hakufikiria mtoto. Mama mkwe ndiye aliyeanza kucheka, na Osée akamfuata, akicheka mpaka akavua miwani.

Pasta alihesabu kurasa kama alivyosema. Zilitimia, na ukurasa uliokuwa na kona iliyochanika tangu kwa mwalimu marehemu sasa ulikuwa umebandikwa kwa ustadi. Ndipo jicho lake likaanguka kwenye patience. Akasoma kimya, halafu kwa sauti, kwa ajili ya mama mkwe: neno la Kigiriki lililo chini yake husema kubaki chini ya mzigo bila kuutupa.

"Hakuna mahali imeandikwa kunyamaza," alisema Delphine.

"Hakuna," alisema Pasta.

Wakaletewa lituma, ndizi za kupondwa, na samaki, kwa kuwa sheria ya pili nayo ilikuwa sheria. Pasta alikula, akanawa, akatazama vipande vinane vilivyopangwa mkekani.

"Bon, Mama Delphine," alisema. "Nyumba yangu haina kipande."

Delphine akampa chake mwenyewe, U hadi Z, chembamba kuliko vyote. Alimwambia jina lake, Zacharie, limo humo, hatapotea. Tangu siku hiyo mama pasta huwapikia watu wanaotafuta "vérité", ukweli, na hulalamika kwa sauti ya kusikika hadi barabarani, lakini ukipita bila kuingia atakuita kwa jina.

Darasa la Alhamisi lingali la Delphine. Kila mwaka kabla ya Pentekoste, kwa siku moja, kamusi huwa nzima. Nilikuwepo safari hii. Alikaa mbele ya kanisa lote na sindano yake ndefu ya mabegi, akaunganisha vipande vinane, akasimama, akakiinua kitabu juu kwa mikono miwili kama mtu anayeonyesha mtoto wake. Watu wakapiga makofi. Akakaa tena, akatafuta ncha ya uzi, akauvuta, vipande vikaachana.