Kopo la Kitovu cha Baraka

Kwaru, kwaru, kwaru. Mlio wa mwiko ukikwangua matofali makuukuu ndio ulioniamsha kila asubuhi kiangazi kile, pale Merrylands, ugenini, nikiwa darasa la nne. Ulitoka ng'ambo ya barabara, kwenye kiwanja kilichokuwa nyumba yetu ya kupanga hadi mwenye nyumba alipoiuza ili lijengwe ghorofa. Kabla ya ghorofa walikuja wanaakiolojia, watu wanaolipwa ili wachimbe polepole. Sijaona tena biashara nzuri kama hiyo. Chini ya sakafu yetu walikuta sakafu nyingine, na chini ya hiyo jiko lenye majivu yake. Kumbe miaka yote tulikuwa tumelala juu ya jiko la watu.

Mama hakujali matofali. Aliwaza pembe moja ya ua, chini ya mlimau, alikofukia kitovu cha mdogo wangu Baraka ndani ya kopo la maziwa ya unga. Kwetu Uvira kitovu hufukiwa ili mtoto awe na mahali pake duniani. Ni mama yangu tu angekifukia kwenye ua wa kukodi. Tulipohama alikuwa na zamu mfululizo za kuhudumia wazee, na siku alipopata nafasi alikuta uzio. "Wakikitupa," alisema, "huyu mtoto atazurura maisha yake yote."

Nikatumwa uzioni nikapatane, maana mwenye Kiingereza cha kutosha nilikuwa mimi. Nilianza juu, kama sokoni: nikamwambia mwanamke mwenye brashi kuwa ua wote ni wetu. Akacheka. Nikashuka hadi mlimau. Akatikisa kichwa. Nikashuka hadi kopo na kitovu kilichomo. Hapo kicheko kikamkauka, akaniambia nimwite mama.

Alituletea kopo letu, limeota kutu, na mkono wa pili ameshika kijungu cha udongo. Kilikuwa chini ya kopo, alisema, shimo lilelile. Ndani mlikuwa na kiatu kimoja cha mtoto, kamba ingali imefungwa, kisigino kimelika upande. Baraka, mgongoni mwa mama, alikinyooshea mkono akicheka, kama anayemjua mwenyewe.

Mama akarudi nyuma. "Ee Mungu. Pana mwenyewe, na mimi nilifukia bila kupiga hodi." Kisha akaninong'oneza: "Omba na hicho, mwanangu. Ambia madamu hao ni wawili."

Niliomba. Kijungu kilikuwa cha makumbusho. Hapo hapakuwa na punguzo.

Leo mlimau ule ni maegesho ya chini ya ardhi. Kopo limehama nasi kila nyumba, juu ya kabati, na Baraka naye amehama vyuo, kazi na wachumba, mama hashangai. Mwaka huu nimenunua nyumba Ingleburn, yenye ua ambao wakala aliuita bustani bila haya. Jumapili tulitoka na chepe, Baraka akibeba kopo mwenyewe. Mama akapiga magoti, akagonga udongo kwa vidole. "Hodi."

Tukangoja. Kwaru, kwaru, kutoka chini. Nilichungulia kwa jirani, nikachungulia tena: hapakuwa na mtu. Mama akasogeza chepe kando kidogo, akachimba, akaacha nafasi ya mwingine.