Kijiwe Nyuma ya Magurudumu

Leo nimefungua boksi la viatu vipya vya binti yangu, na ile harufu ya kadibodi ikanirudisha utotoni, jikoni kwetu Riverdale, Amerika. Mama, akiwa bado na yunifomu yake ya kutunza wazee, alikuwa akikata shuka kuukuu na kunishonea turubai ya kigari cha kuigiza nilichokuwa nikikitengeneza ndani ya boksi la viatu, kazi ya shule. Nilikuwa nikimweleza vile familia za zamani za Amerika zilihamia magharibi kwa magari ya kukokotwa na ng'ombe. Mtu akifa safarini, walimzika palepale njiani, halafu magari yakapita juu ya kaburi ili mbwa mwitu wasimfukue.

Sindano ilisimama.

"Na wakirudi, watajuaje ni wapi?"

"Hawakurudi, Mum."

Wiki hiyo nyanya, mamake, alikuwa amezikwa huko nyumbani. Mama hakwenda. Hakuwa na karatasi za kuishi; angeenda, hangeruhusiwa kuingia tena Amerika.

Alikata uzi kwa meno, akaendelea kushona. Asubuhi nilikuta amebandika kijiwe cheupe kwenye barabara niliyochora ndani ya boksi, nyuma ya magurudumu ya kigari.

Mwalimu aliuliza kijiwe ni cha nini. Nilimwambia ni cha Mama, nikamwomba asikibandue.